Kuponi ya Mdomo

Ndugu yangu mmoja wa Mbinga mjini siku hizi ni bingwa wa kubana matumizi. Anakusanya vizibo vya soda, akisubiri chenye bahati kimpe soda ya bure. Mpaka sasa ameokoa chupa mbili. Amenunua kreti nzima. Hongera zake.

Juzi katoka dukani na ushindi mwingine: nunua biskuti pakiti mbili, ya tatu bure. Njiani akampita mama muuza dagaa. Dagaa wa Nyasa, wamepanda mlima asubuhi kutoka Mbamba Bay, wakavu, wanang'aa kama sindano, fungu kwa fungu juu ya kiroba. Hakusimama. Dagaa hawana ofa.

Hawana? Mimi nilisema tu, "Shikamoo mama, niongeze basi," akanitupia konzi nzima juu ya fungu. Hiyo ndiyo kuponi yetu: haikatwi kwa mkasi, haiishi muda wake, inataka adabu tu.

Maharage niliyopika pamoja na dagaa hao nayo yalitoka kwenye ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo wanayachimba milimani tangu enzi za mababu ili mvua isikombe udongo. Dagaa, maharage, mchicha, ugali. Afya yote hiyo, ofa gani tena ya kukatiwa kwenye karatasi?

Jioni bingwa akaja, akifuata harufu. Nikampakulia. Alipomaliza, akasogeza sahani kwa unyenyekevu.

"Niongeze basi."

Kumbe neno analijua.