Waraka kwa Watunzaji wa Mifupa Yetu

Kwa waheshimiwa wakuu wa makusanyo ya Berlin, Munich na Tübingen,

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Karatu, na shule inapofanikiwa kupata basi huwapeleka wanafunzi Olduvai. Tunapita lango la Lodoare, tunapanda msituni, tunazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha tunateremkia nyika kavu hadi kwenye korongo. Jumba la makumbusho lililofunguliwa pale mwaka 2017 ni zuri na linatutosha kwa mengi. Mbele ya fuvu la zamadamu Zinjanthropus hakosi mwanafunzi wa kuuliza kama ndilo lenyewe. Namwambia kwamba hiyo ni nakala. Mary Leakey alilikuta fuvu lenyewe hapa tarehe 17 Julai 1959, likapelekwa Nairobi, likarudishwa Tanzania mwaka 1965, na sasa linahifadhiwa Dar es Salaam. Mtoto anaridhika, kwa sababu Dar es Salaam ni kwao. Anapouliza kuhusu mtu aliyefukuliwa hapa miaka 46 kabla ya Zinjanthropus ndipo jibu langu linapokuwa gumu. Nimeona niwaandikie nyinyi wenye jibu.

Naanza na shukrani, maana kwetu mtu hadai kabla ya kusalimu. Najua mmeisafisha mifupa mliyoichukua kwetu, mkaipa namba, mkaichora, mkaiandikia vitabu. Najua Watanzania kadhaa wamesomeshwa Ujerumani, wakarudi na shahada. Najua pia kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wenu Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Majimaji, na akaahidi ushirikiano katika kurejesha vilivyochukuliwa. Yule mzee alisema jambo zito mbele ya wajukuu wa watu walionyongwa, na namheshimu kwa hilo.

Sasa turudi kwenye mambo yenyewe. Mwaka 1911 Daktari Wilhelm Kattwinkel wa Munich alipita kwenye korongo, akaokota visukuku, vikafika Berlin. Vikawasisimua wakubwa wa huko, na mwaka 1913 akatumwa mwanajiolojia Hans Reck, ambaye muda mfupi kabla alikuwa Lindi akisimamia uchimbaji wa Tendaguru. Mwishoni mwa mwaka huo watu wake wakafukua mifupa ya binadamu aliyelazwa amekunjwa. Reck aliamini amempata mtu wa kale kupindukia, akasafiri na fuvu hadi Ujerumani. Wataalamu walibishana karibu miaka 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikakubalika kwamba mtu yule ni wa zama za karibu zaidi: kaburi lake lilichimbwa baadaye sana na kupenya hadi kwenye tabaka la zamani.

Kama alizikwa, waheshimiwa, basi walikuwapo waliomzika. Walimkunja magoti, wakamfukia, wakaondoka na msiba wao. Mlidhani mmechukua ushahidi wa asili ya binadamu, kumbe mlifukua kaburi. Tangu jambo hilo lijulikane imepita karibu karne nzima, na maiti haijarudi ilikotolewa. Sababu ya kisayansi ya kumchukua ilikufa mapema. Mazoea ya kuwa naye yakabaki.

Hoja yenu ya kwanza naijua, na sitaidharau. Mnasema kwamba mvua za Olduvai hula kingo za korongo kila msimu, na kisichookotwa leo kesho kimesagika. Ni kweli, nimeona mwenyewe mkondo ulivyokula ardhi pale. Lakini mtu akimwopoa mbuzi wangu kwenye mafuriko, nitamshukuru na kumkaribisha chakula, kisha nitachukua kamba ya mbuzi wangu. Akikataa kuniachia kwa kuwa amemlisha vizuri na amemjengea banda bora kuliko langu, shukrani zangu zitageuka kesi. Na hakimu wa Karatu anaweza kumpunguzia adhabu kwa sababu ya yale malisho, ila hawezi kumpa mbuzi.

Hapo ndipo tunapotofautiana. Nyinyi mnaweka utunzaji mezani kana kwamba ni malipo yaliyokwisha kupokelewa. Wema wa mwizi una kazi yake: unaweza kulainisha moyo wa aliyeibiwa, unaweza kufungua mlango wa msamaha, unaweza hata kuwafanya wenyewe waseme basi, kaeni nacho. Neno hilo, hata hivyo, ni la aliyeibiwa kulisema, na halina maana mpaka aulizwe. Sisi wa Karatu na Ngorongoro hamjatuuliza. Mmetuambia tu kwamba mnatunza.

Wakatoliki na Walutheri, ambao Karatu imejaa, wote wanamjua Zakayo wa Injili ya Luka. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na papo hapo akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakuishia kwenye ile nusu ya maskini akatafuta sifa. Waislamu nao hufundishana kwamba sadaka iliyotoka kwenye mali ya dhuluma haimtakasi mtoaji. Sijui dini wala mila ya ukanda huu inayomruhusu mtu ashike cha mwenzake kwa mkono mmoja na ahesabu thawabu kwa mkono mwingine.

Hoja yenu ya pili ni usalama: kwenu kuna makabati, kwetu kuna mchwa na rushwa. Nitaijibu kwa uwazi uleule. Yule mtu wa Olduvai alihamishiwa Munich, na katika Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya mifupa ya kiwiliwili chake ilipotea; kilichosalia ni fuvu. Mji huohuo, Aprili 1944, mabomu yaliunguza mifupa ya Spinosaurus iliyotolewa Misri, mifupa ambayo jangwa lilikuwa limeitunza kwa mamilioni ya miaka bila kuomba ruzuku. Siwalaumu kwa mabomu. Nasema tu kwamba mkizungumza nasi kuhusu usalama, mkumbuke kwamba marehemu alikaa chini ya udongo wa Olduvai kwa maelfu ya miaka akiwa mzima wa viungo, na mikononi mwenu hakumaliza miaka 35.

Ya tatu ni kibali. Mtaniambia kwamba Reck alichimba kwa ruhusa ya serikali halali ya wakati ule. Serikali hiyo ndiyo iliyotangaza mwaka 1895 kwamba ardhi yote iliyoona haina mwenyewe ni mali ya dola ya Kaisari. Ndiyo iliyozima Majimaji kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua kuliko risasi. Wakati Reck anafika huku, mlowezi Adolf Siedentopf alikuwa na shamba lake sakafuni mwa kreta, mahali pa malisho ya Wamaasai, naye bila shaka alikuwa na karatasi. Kibali alichojiandikia mvamizi hakiwezi kunifunga mimi.

Naomba nikae kidogo upande wa Ziwa Eyasi, maana huko ni wilayani kwetu kabisa. Ludwig Kohl-Larsen, daktari na mwanachama wa chama cha Nazi, alifanya kazi huko katika miaka ya 1930, Waingereza wakiwa watawala. Alichimba na mkewe Margit kwenye pango la Mumba. Mwaka 1935 vilipatikana vipande vya fuvu kando ya ziwa, na mwaka 1939 akapata kipande cha taya la zamadamu huko Garusi, eneo ambalo leo dunia inaliita Laetoli. Taya hilo liko Tübingen. Huyuhuyu aliketi na Wahadzabe, akasikiliza hadithi zao na kuziandika, na baada ya vita zikachapishwa kwa Kijerumani. Nakiri kwamba hiyo ni hisani kubwa: pengine zipo hadithi ambazo zingekufa na wazee waliozisimulia. Ila mtoto wa Kihadzabe anayesoma Mang'ola akitaka kumsikia babu yake itabidi ajifunze kwanza Kijerumani. Mkitaka hisani ya Kohl-Larsen iwe hisani kweli, anzieni hapo. Zitafsirini hadithi zile kwa Kiswahili, mzilete Mang'ola na Yaeda, na wenyewe wazisahihishe.

Msiniambie kwamba haiwezekani kuhifadhi bila kuondoka na kitu. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa kuanzia mwaka 1978, zina zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Zilipoanza kutishiwa na mizizi ya migunga, wataalamu wa Taasisi ya Getty ya Marekani walikuja katika miaka ya 1990 wakafanya kazi na Idara yetu ya Mambo ya Kale. Wakaing'oa mizizi kwa uangalifu mkubwa, wakapiga picha kila unyayo, kisha wakazifukia tena palepale kwa mchanga, udongo na mawe. Wazee wa Kimaasai walishirikishwa, wakafanya tambiko. Wageni wakaaga wakaenda. Waswahili husema tenda wema nenda zako, na wale waliufuata usemi huo hata kama hawakuwahi kuusikia. Wenu, waheshimiwa, walikwenda zao wakiwa wamebeba.

Lipo jambo jingine, na naliandika kwa heshima ya marehemu. Ukingoni mwa kreta, barabara ya kwenda Olduvai, kuna kaburi la mawe yaliyopangwa kama piramidi. Amelala pale Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959 akiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama, na kando yake amewekwa baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987. Wajerumani hawa walipewa pa kulala Ngorongoro, na wamelala. Hakuna aliyewafukua awape namba. Madereva wa watalii husimama pale na wageni huvua kofia. Mwaka uleule wa 1959, Wamaasai waliotolewa Serengeti walikuwa wakiambiwa kwamba Ngorongoro ndiyo itakuwa kwao, na leo baadhi yao na wajukuu wao wamehamishiwa Msomera, Handeni, huku wengine wakiishi hawajui kesho; hata hivyo kaburi la wageni limeheshimiwa na wote. Nawaomba mnipe sababu moja kwa nini mtu wa Olduvai hastahili huko Munich kile ambacho Michael Grzimek anakipata kwetu.

Sitawasema nyinyi nikawaficha wa kwetu. Hoja ya kumrejesha mjusi mkubwa wa kale aliyechimbwa Tendaguru na aliyeko Berlin imeibuka bungeni mara kadhaa, na majibu ya serikali yamekuwa ya gharama, utaalamu na faida za ushirikiano, kana kwamba sisi ndio tunaoomba mkopo. Viongozi wetu wamezoea kupokea semina na magari badala ya haki, nanyi mmezoea kuwapa. Maafikiano ya namna hiyo yanawapendeza walioko mezani tu. Na yanasahau kwamba kurudisha kunawezekana: fuvu la chifu Mkwawa lilitoka Bremen likarudi Uhehe mwaka 1954, wakati ambapo hatukuwa hata na bendera.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, orodha kamili ya kila kilichotoka Olduvai, Laetoli na Eyasi, iandikwe kwa Kiswahili, kila kitu na mwaka kilipochukuliwa, jina la aliyekichukua na mahali kilipo leo. Nakala iende Idara ya Mambo ya Kale na nyingine ibandikwe Olduvai ambako hata mchunga mbuzi anaweza kuisoma. Pili, mtu wa Olduvai arudishwe, kichwa na chochote kilichosalia, na wenyeji wa korongo waamue kama azikwe au ahifadhiwe. Huyu hana mjadala wa gharama. Sanduku moja linamtosha. Kuhusu visukuku vingine niko tayari kusikiliza, na huenda wenyeji wakakubali baadhi vikae kwenu kwa mkopo wenye tarehe ya kuisha.

Mkijibu, naomba jibu liwe na saini ya mtu mwenye mamlaka. Nitalisoma darasani neno kwa neno, zuri au baya, na wanafunzi watauliza maswali.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa historia, Karatu