Namna ya Kuifundisha Saa Yako Kazi za Kwedizinga

Umenunua saa ya mazoezi Korogwe mjini, au ndugu yako wa Dar es Salaam amekuletea alipokuja likizo. Hongera sana. Sasa kaa nayo kitako uifahamishe umeihamishia wapi, maana hapa Kwedizinga watu hawatoki nyumbani kwenda mazoezini, wanatoka kwenda shamba. Ndani ya saa hiyo mna kihisi kidogo kinachosikia mtikisiko, pamoja na programu inayokisia kuwa mtikisiko wa namna fulani ni hatua. Saa haiijui miguu yako kabisa. Inaujua mkono tu.

Ndiyo maana abiria wa bodaboda anaweza kushuka na hatua ambazo hakuzitembea, kila korongo likiwa limemchangia kidogo. Tazama namba kabla ya kupanda, itazame tena ukishuka, halafu toa hatua zilizoongezeka.

Mama anayetoka kuchota maji yanamkuta kinyume chake. Ndoo ya lita 20 iko juu ya ngata, mkono mmoja umeshika ukingo, shingo imenyooka, hatua ni fupi na za haraka ili maji yasimwagike. Mkono ulioshika ndoo umetulia tuli, na saa ikiwa kwenye mkono huo itasema mama amepumzika. Kilo 20 kichwani, njia ya kupanda, na anaambiwa amepumzika! Basi saa ivaliwe mkono unaoning'inia, naye akibadilisha mkono kwa kuchoka, saa nayo ihame. Kama ana simu janja, aifunge kiunoni ndani ya kanga. Nayo huhesabu hatua, na kiuno hakidanganyi kama mkono.

Kwenye kinu mambo yanageuka tena. Mchi ukipanda na kushuka kwa mdundo, saa inaweza kudhani unatembea kwenda Segera. Usihesabu umbali huo. Chagua kipengele cha mazoezi mengineyo, kisha fuata mapigo ya moyo, kwa sababu kutwanga ni kazi ya kweli hata kama hujasogea hatua moja.

Kuhusu mapigo: ile taa ya kijani inamulika ngozi, na kihisi kinapima mwanga unaorudi kadiri damu inavyojaa na kupungua mishipani. Saa ikilegea, mwanga unavuja na namba zinaruka ovyo. Ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja, na uikaze isiteleze. Futa vumbi na jasho. Wakati wa kupalilia, kiganja kikibana mpini wa jembe, hata saa nzuri hupotea njia. Mkanda wa kifuani, unaopokea umeme wa moyo wenyewe, ni bora zaidi. Usipokuwa nao, simama, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, ulinganishe.

Mkanda wa kifuani wa aina hiyo umeshafanya kazi kubwa nchini mwetu. Mwaka 2017 mtafiti David Raichlen na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, wakakuta kwa wastani wanatumia takriban dakika 135 kila siku katika shughuli za kuuchangamsha moyo. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki nzima. Mimi naona hapo ndipo pa kukazia macho, kwenye dakika. Zile hatua 10,000 kwa siku zilianza kama namba ya kuuzia kipima hatua huko Japani mwaka 1965, na hazikutoka maabara.

Kalori ziache kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi, na mwaka 2017 wakatangaza kuwa sita kati yake vilisoma mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5, lakini katika kalori hata kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27. Usipunguze ugali kwa hesabu ya namna hiyo.

Jioni fungua programu ya saa kwenye simu, tafuta sehemu ya kuongeza zoezi kwa mkono, na uandike kile ambacho saa haikukiona: kisimani, dakika 40, ndoo kichwani; kuni, saa moja na nusu. Mama yako kama hana simu, mwandikie kwenye daftari. Akienda zahanati akaulizwa kama anafanya mazoezi, asijibu hapana kwa sababu tu hajawahi kukimbia. Afungue daftari asome.