Jinsi ya Kuupanda Uluguru Ukianzia Kariakoo

Usianze na ramani. Anza na kamati. Mtanzania haolewi, hazikwi wala hapandi mlima bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kwa hiyo fungua grupu la WhatsApp, weka picha ya Kilimanjaro hata kama hamwendi huko, kisha orodhesha ahadi. Wakiahidi arobaini na kila mmoja akaandika "natuma kesho asubuhi", panga safari ya watu saba. Fulana za sare zichapwe mapema, ikibidi kabla hamjakubaliana mlima wenyewe.

Kuhusu mlima, Dar haina. Kuna vilima vya Pugu, lakini usivitaje mbele ya watu ambao wameshalipia fulana. Nendeni Morogoro, mkaupande Uluguru na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo limewezekana kwa raha tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000, na safari haifiki saa mbili. Huko Wales wana mlima uitwao Yr Wyddfa, mita 1,085 tu, na tangu 1896 treni inapanda na watu mpaka kileleni. Ya kwetu inakukimbiza kilomita 160 kwa saa, halafu inakushusha Kihonda, mlima unauona kule ng'ambo ya mji, na yaliyobaki ni yako na bodaboda.

Stesheni ya Dar iko jirani kabisa na Kariakoo, na hapo ndipo hatari ilipo: wa karibu ndiye anayechelewa. Kila mtu aje na kitambulisho, na aje mapema, maana geti halina undugu. Mjumbe atakayepiga simu kusema "niko Gerezani hapa, dakika mbili" yuko Mbagala, tena anaoga.

Vifaa vinapatikana Karume, kwenye mitumba. Tafuta kiatu cha mlima chenye soli nene. Kitakuwa kimeshapanda milima mingi kukushinda. Ukivaa namba 42 utaletewa 44.

"Kinanipwaya, kaka."

"Bosi wangu, mlimani kuna baridi. Si utavaa soksi mbili?"

Hapo huna hoja. Toa hela, ila toa nusu ya aliyotaja, na uanze kuondoka taratibu ili akuite.

Mazoezi yafanyieni Kariakoo kwenyewe. Chagua jengo ambalo duka la jumla liko ghorofa ya sita na lifti imejaa marobota, upande kwa ngazi. Kisha pita Mtaa wa Congo mchana wa Jumamosi na begi mgongoni, huku nyuma yako guta linapiga kelele "pisha mzigo!" na mbele mtu amekushika mkono anakuuliza unatafuta nini. Ukitoka salama upande wa pili, ukiwa bado na simu, msitu wa Uluguru hauna la kukutisha.

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, kwa sababu njia zinateleza. Mkitaka kuingia kwenye hifadhi ya msitu, pitieni kwanza kwa watu wa TFS, wakala wa misitu, mjini mpate kibali, na mchukue mwongozaji wa huko. Ratiba ya kamati iseme mnakwenda Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mtafika Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya enzi za Mjerumani, mwenyekiti akiwa amekaa chini bila kuagizwa. Hapo panatosha. Pigeni kura, kilele kihamishiwe Morningside kwa kauli moja, kisha mpige picha.

Njiani mtapishana na mama wa Kiluguru anashuka sokoni, mkungu wa ndizi kichwani, kandambili miguuni, wala hahemi. Mwamkieni.

"Marahaba wanangu. Mnakwenda kwa nani?"

Swali hili halimo kwenye ajenda. Jibuni tu kwamba mnatembea. Atawatazama fimbo zenu za kisasa, atasema "poleni", na ataendelea na safari yake.

Mkikuta kijito, msikitangaze kama ugunduzi. Maji ya Uluguru yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba ya Dar, siku yakitoka.

Limebaki la zawadi, maana nyumbani hawataulizia kilele. Wataulizia ndizi. Kubeba mkungu mpaka Kihonda kwa miguu iliyokwisha ni adhabu, tena mtausumbukia kwenye ukaguzi wa mizigo. Rudini mikono mitupu, shukeni Dar, mpitie sokoni Kariakoo kabla hawajafunga, na mkifika nyumbani semeni zimetoka Uluguru. Mkibahatika, hamtakuwa mmedanganya.