Bibi na King'amuzi

Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na luninga yetu ikabaki na chenga tupu. Matangazo yalikuwa yamepigwa hadi tukayakariri, ila hela ya king'amuzi ilikuwa imeliwa na ada za shule.

Bibi alilala kwa hasira. Hakuwa mtu wa kutazama kimya kimya. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, alimgombeza Mkwaju, yule dereva wa lori, kama mkwe aliyemkosea adabu. Wasikilizaji waliandika barua redioni. Za Bibi ziliandikwa na baba kwa kuamrishwa, zikimtaka Tunu, mke wa Mkwaju, asivumilie ndoa ile.

King'amuzi kilipopatikana, Mjomba alifunga antena kwenye mti wa mwanzi, akapanda nayo juu ya bati. Mdogo wangu alisimama uani, mimi mlangoni, Bibi mbele ya luninga.

"Imekuja?"

"Bado! Zungusha upande wa msikitini!"

Neno la Bibi lilipita kwangu, kwa mdogo wangu, ndipo lifike juu. Likifika, Mjomba keshapitiliza. Picha ilitokea, ikapotea, ikatokea tena. Mara bati lililooza tangu masika likaachia. Mguu mzima ukazama jikoni, kandambili ikatua kwenye sufuria ya maharage. Na picha ikatulia, safi kabisa, sauti na yote.

"Usisogee! Hapo hapo!" Bibi akapaza sauti.

Mjomba alining'inia vile mpaka jirani alipoleta ngazi, na tamthilia ilikuwa imefika mbali.

Siku hizi wajukuu humfungulia tamthilia za Kibongo YouTube, kwenye simu. Hapo ndipo ninapowapenda waandaaji wetu wa sasa: baadhi yao hushuka kwenye maoni, wakasoma, wakajibu, wakati zamani barua ilisafiri wiki nzima bila mwandishi kujua kama imefunguliwa. Mtazamaji wa aina ya Bibi anastahili kusikilizwa, kwa sababu anakumbuka hata kanga aliyovaa mama mkwe sehemu iliyopita, na ikibadilika katikati ya ugomvi anauliza.

Jana alikuwa akimtajia mjukuu ujumbe wa kuandika kwenye maoni: binti wa tamthilia arudishe mahari, aende chuo. Mjukuu akafupisha. Bibi akavaa miwani, akakagua, akamrudishia simu.

"Chuo hujaandika. Andika, na jina langu uweke."