Namna ya Kumwombea Mgonjwa Mpaka Mtaa Mzima Umjue

Kwanza pima kama ugonjwa wenyewe una heshima. Sukari, presha, mgongo na hata kansa siku hizi vinatajwa kwa sauti, pamoja na namba ya wodi. Ugonjwa wa akili, VVU, mimba iliyotoka na mume anayepiga havitajwi jumuiyani. Hivyo vinaombewa kwa fumbo, na fumbo zuri ni lile ambalo wanajumuiya wamelifumbua kabla ya amina.

Jina usilitaje kamwe, maana huo utakuwa umbea. Omba hivi: “Baba, tunamleta kwako dada yetu, wewe unamjua, wa lile geti la bluu, aliyerudi kwao na mabegi matatu usiku wa Jumanne.” Mungu anajua yote, lakini si vibaya kumwelekeza.

Kijana akilazwa Mirembe kwa ugonjwa wa akili, usiseme Mirembe. Sema “yuko Dodoma kwa matibabu.” Hospitali ziko nyingi Dodoma, na hakuna atakayeziwaza hizo nyingine. Halafu kemea pepo, tena kwa nguvu, ili siku akirudi na vidonge vyake, kila anapomeza kimoja aonekane mwenye imani haba. Akiacha dawa akazidiwa, mtakuwa na ombi la mwezi ujao.

Kwa VVU uwe mwangalifu. Sheria ya Ukimwi ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo. Wewe hutoi majibu, unatoa dalili tu: “amekonda, Bwana, na kliniki anayokwenda unaijua.” Yule kasisi wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alijitangaza mwenyewe mwaka 1992 kwamba anaishi na VVU. Mfano mbaya sana. Wagonjwa wakianza kujisemea, sisi waombaji tutabaki na kazi gani?

Wakati wa kuomba fumba jicho moja. Linalobaki litazame nani ameinama sana.

Baadaye, kwenye chai na maandazi, utaulizwa kwa kunong’ona: “Ni yule binti wa mama nanihii?” Jibu: “Mimi sijamtaja mtu.” Kisha guna.

Zamu yako ya kutaja hitaji ikifika, sema “nina hitaji la moyoni, Mungu analijua,” ukae upesi. Wakikuchokonoa, taja mtihani wa mtoto wa darasa la saba.