Barua Imesomwa, Nani Kaijibu?

Bosi wa kampuni changa hataki makuu. Anataka barua pepe yenye jina la kampuni, ionekane ileile kwenye simu, kompyuta mpakato na mashine ya ofisini. Bei? Ya kutupa, au bure kabisa.

Bure ilikuwepo. Google iliwafungia wateja wapya mlango huo Desemba 2012. Kampuni ya Zoho ingali na mpango wa bure, ila IMAP, njia ya kuona barua zilezile kwenye kila kifaa, imewekewa wanaolipa.

Basi fundi humwekea POP3, ambayo kwa kawaida huteremsha barua kwenye kifaa kimoja na kuifuta kwenye seva. Karani akishafungua ofisi asubuhi, bosi aliye safarini hubaki akikodolea sanduku tupu na kuulaumu mtandao.

Dawa yake si ngeni. Mark Crispin aliibuni IMAP mwaka 1986 huko Stanford: barua hubaki kwenye seva, na ikisomwa huku, kule nako huonekana imesomwa.

Bosi hatimaye analipia. Kisha, kwa kubana matumizi, anawagawia watu wanne anwani moja na nywila moja. Zabuni inaingia, kila kifaa kinaonyesha imeshasomwa, na kila mmoja ana hakika mwenzake ameshaijibu.