Mheshimiwa Gavana, Naomba Mama Naye Apimwe Uzito

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Jiji la Nairobi,
City Hall.

Mheshimiwa,

Naomba uniwie radhi kwa kukukatizia shughuli zako. Mimi ni mkazi wa Muthangari. Najua mezani pako kuna taka, maji, barabara na mishahara, na nisingethubutu kuongeza karatasi yangu kama ombi langu lingehitaji jengo jipya.

Kila asubuhi, Mheshimiwa, akina mama hupita hapa kwetu wakitoka Kawangware kwenda kufua na kupika katika nyumba za Lavington. Wengi wao wana watoto wachanga. Siku ya kliniki huomba ruhusa kazini, wakambeba mtoto pamoja na kijitabu cha Mama na Mtoto, wakapiga foleni: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Mtoto huvuliwa nguo, huwekwa kwenye mzani, kilo zake huandikwa, akadungwa chanjo. Mama aliyemleta mara nyingi hapimwi. Humvalisha mwanawe akaenda zake, na uzito wake hauulizwi tena mpaka apate mimba nyingine.

Kwa idhini yako, nieleze kwa nini jambo hili linanikosesha utulivu. Mimba humwongezea mama kilo, na si zote zinazoondoka akishajifungua. Mimba ya pili ikija mapema humkuta bado anazo, nayo huongeza zake. Mwaka 2006, Eduardo Villamor na Sven Cnattingius walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wanawake 151,025 wa Uswidi, kuanzia mimba ya kwanza hadi ya pili. Waliokuwa wameongezeka uzito katikati walipatwa zaidi na presha ya mimba, kisukari cha mimba na upasuaji wa kujifungua. Walioongezeka sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mfu. Kuongezeka sana huko, kwa mama mwenye urefu wa sentimita 160, ni kama kilo saba na nusu hivi. Hata wale ambao hawakuwa wanene hawakusalimika. Kilo saba na nusu, Mheshimiwa, mtaani kwetu mama husifiwa kwazo. Huambiwa anatunzwa vizuri.

Nasi hatuko mbali na hali hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 nchini, wenye umri wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliozidi. Upande wa pili yuko mama anayezaa mfululizo huku akila mlo mmoja kwa siku: yeye hukonda, damu humpungua, na mtoto huzaliwa mdogo. Aliyezaa mara tano au zaidi, mfuko wake wa uzazi unaweza kushindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka, akavuja damu nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba tena. Ushauri huo unapaswa kumfikia mama mapema, wakati angali anakuja kwa ajili ya chanjo.

Katiba ya 2010 iliweka vituo vya afya vya kaunti mikononi mwako. Kwa unyenyekevu mkubwa nakusihi uagize kwamba katika kila kituo, kuanzia Riruta na Kangemi, siku mtoto anapopimwa, mama naye apande mzani, apimwe presha, na namba ziandikwe. Aliyeongezeka au kupungua kupita kiasi aelezwe kuhusu chakula na uzazi wa mpango, faraghani, bila kukaripiwa wala kuchekwa mbele ya foleni. Akiaibishwa mara moja hatarudi, na mtoto atakosa chanjo.

Mama amekwisha kufika, Mheshimiwa, na muuguzi yupo. Tafadhali toa agizo hilo kabla ya mwaka huu kuisha.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Muthangari